Sifuri na Ziro: Ndugu wa Tumbo Moja

Wako wanaodhani kwamba "ziro" ni neno la kitaalamu na "sifuri" ni la watoto wa darasa la kwanza. Historia inaonyesha kwamba maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, na sifuri ndiyo kubwa.

Dhana yenyewe ilikomaa Bara Hindi. Mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa namba hiyo, iliyoitwa shunya kwa Kisanskriti, yaani tupu. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, aliandika kitabu juu ya hesabu za Kihindi. Waarabu hawakukopa sauti ya shunya. Walitafsiri maana yake, wakasema sifr, kitu kitupu. Neno hilo lisichanganywe na asili ya safari: sifr huandikwa kwa herufi sadi, safari kwa sini.

Kutoka hapo njia ziligawanyika. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, aliliandika kwa Kilatini zephirum katika kitabu chake Liber Abaci. Vinywani mwa Waitalia likapungua hadi zero, nalo likaenea Ulaya. Tawi jingine la neno hilohilo likawa chiffre la Kifaransa, lenye maana ya tarakimu. Kiswahili kilichota kwenye Kiarabu chenyewe, kikahifadhi konsonanti zote tatu za mzizi: s, f, r.

Utupu huo una kazi. Tunaposema "mia moja na saba", sifuri haitamkwi. Tukiandika, lazima tuiweke kwenye nafasi ya makumi, la sivyo 107 itageuka 17. Kompyuta nayo huhifadhi kila kitu, hata mashairi yetu, kwa tarakimu mbili tu: 0 na 1. Ukiiondoa 0, hakuna kinachosomeka.

Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi "wewe ni sifuri" kwa nia ya kumdunisha hajui uzito wa neno alitumialo. Nao watungao vitabu vya hesabu na kompyuta waandike sifuri bila kuona haya. Asemaye ziro hajakosea. Amepitia Pisa tu kulifuata neno ambalo tayari lilikuwa nyumbani.