Ripoti ya ajali ya ndege si hukumu

Kaplong ni njia panda. Barabara ya kutoka Kericho kupitia Litein hukutana hapa na ile ya Narok, Bomet na Kisii, na mtu wa Pwani kama mimi hushuka kubadilisha gari. Nilikuwa kibandani na chai yangu ya maziwa, mazungumzo yakafika kwenye ndege. Hapa ni Sotik, na watu wazima hawajasahau tarehe 10 Juni 2008.

Siku hiyo ndege ndogo aina ya Cessna 210 iliondoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Kericho. Ilianguka Enoosupukia, Narok, na wote wanne waliokuwamo wakafariki. Mmoja alikuwa Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na mbunge wa Bomet. Mwingine Lorna Laboso, waziri msaidizi na mbunge wa hapa Sotik. Miaka minne baadaye, tarehe ile ile, helikopta iliyowabeba Profesa George Saitoti na Orwa Ojodeh ikaanguka Ngong.

Mzee aliyeketi karibu nami aliuliza, "Sasa wale wachunguzi walimpata nani na makosa?"

Swali hilo nimelisikia kwetu pia, baada ya ndege iliyotoka Diani kwenda Maasai Mara kuanguka Kwale tarehe 28 Oktoba 2025 na kuua watu 11. Nilimjibu mzee kwamba hiyo si kazi yao.

Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Chicago wa 1944, na Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo chasema wazi kuwa uchunguzi wa ajali hufanywa ili ajali nyingine isitokee, si kutafuta wa kulaumiwa. Kwa hiyo Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege huchunguza injini, hali ya hewa, maamuzi ya rubani na mawasiliano yake, kisha hutoa mapendekezo. Haimfungi mtu wala haigawi fidia. Hata sauti zilizorekodiwa ndani ya chumba cha rubani zina kinga, zisitumiwe ovyo nje ya uchunguzi. Sababu yake ni nzuri: rubani au fundi akiogopa jela hatasema kweli. Lakini aliyefiwa hakuelezwa hayo, na hapo ndipo anapoumia.

Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ikichelewa, nchi hutakiwa kutoa taarifa kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Familia hungoja ripoti ya mwisho ndipo imwone wakili, na huku saa ya sheria inatembea.

Kwa safari ya kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 hutoa miaka miwili tu ya kufungua kesi. Ukipita huo, haki imekwisha, hata kama ripoti haijatoka. Na kwa mkataba huo huhitaji kuthibitisha uzembe ili ulipwe hasara uliyoithibitisha, hadi kiwango cha 151,880 kwa kipimo cha Shirika la Fedha Duniani, kiwango kinachotumika tangu 28 Desemba 2024. Zaidi ya hapo, shirika la ndege laweza kujitetea kwamba halikuzembea. Basi kungoja ripoti ili uanze ni kujinyima bure.

Safari ya ndani ina hesabu nyingine. Nchini Kenya madai ya uzembe kwa kawaida hupewa miaka mitatu. Lakini safari fupi ya ndani iliyonunuliwa kama sehemu ya safari moja ya kimataifa yaweza kuangukia mkataba na miaka yake miwili. Mimi ningeshika hiyo miwili kwa vyovyote, na tiketi, risiti na ujumbe wa simu nisivitupe.

Mzee akataka kujua kama miaka hiyo huhesabiwa tangu ripoti itoke. La, nikamwambia. Ni tangu siku ndege ilipofika, au ilipopaswa kufika.