Kartoni ya bastola inatuambia nini?

Wandugu, mbele ya kumcheka mtu anayelipa pesa nyingi juu ya kartoni ya zamani, tujiulize anatafuta nini. Mwaka 1938 jeshi la Ujerumani lilichagua bastola ya Walther P38 ichukue nafasi ya Luger P08. Wakati wa vita viwanda vilifichwa nyuma ya herufi: "ac" ni Walther, "byf" ni Mauser, "cyq" ni Spreewerk. Mwaka 1945 askari wengi wa Marekani walirudi nazo kwao kama ukumbusho. Bastola walibeba, kartoni walitupa. Njo maana leo bastola yenye kartoni yake, mfuko wake wa ngozi, magazini zake na ile karatasi ya ofisa iliyomruhusu askari kuibeba, ni adimu sana.

Mimi nakubali, vitu vikikaa pamoja vinatoa ushuhuda. Lakini kuna jambo ambalo hata seti kamili haisemi: kule Oberndorf, kiwandani mwa Mauser, maelfu ya watu walitumikishwa kwa nguvu. Anayekusanya aandike na hilo pembeni ya zile herufi "byf". Bila hilo, historia yake ni nusu.