Kariakoo: Kutoka Kununua Nyumba hadi Kununua Kiwanja

Nyumba za chini zilizobaki Kariakoo, Dar es Salaam, zinazidi kupungua. Katikati ya maghorofa yanayotazamana dirisha kwa dirisha bado unaikuta moja moja: bati lenye kutu, baraza lililolika kingo, ukuta wa mbele uliotobolewa ili kupata fremu mbili za duka. Dalali akimpeleka mteja kwenye nyumba ya namna hiyo, habari ya vyumba haizungumzwi. Kinachoulizwa ni ukubwa wa kiwanja, kiko kona au katikati ya mtaa, na hati ina jina la nani. Nyumba yenyewe itabomolewa siku chache baada ya malipo.

Kwa sehemu kubwa ya historia ya mtaa huu mambo yalikuwa kinyume. Watu walinunua na kuuza nyumba, na ardhi iliyozibeba nyumba hizo haikuwa ya muuzaji wala ya mnunuzi. Mwenye nyumba alimiliki boriti, udongo, milango na paa. Kiwanja alikilipia kodi.

Utaratibu huo ni wa zamani kuliko jina la Kariakoo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860 na akafariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijakamilika. Pembeni ya mji palikuwa na mashamba ya minazi. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizoutenga ukanda wa bahari kwa nyumba za Kizungu, na wenyeji wakasukumwa nyuma, kuelekea magharibi. Huko eneo kubwa lilikuwa limeangukia mikononi mwa Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Mwafrika aliyejenga kwenye ardhi yake alilazimika kumlipa kodi ya kiwanja. Mwishoni mwa enzi yao Wajerumani wakalinunua eneo hilo kwa ajili ya mji wa Waafrika, mitaa yake ikiwa imenyooka na kukatana kama mistari ya ubao wa drafti.

Vita vikaingia kati. Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916, na uwanda ule ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, kikosi kilichouachia mtaa jina lake. Maelfu ya wapagazi wa vita ile hawakurudi makwao. Waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Baada ya vita viwanja vikagawiwa watu kujenga, na mwaka 1923 soko likafunguliwa katika jumba lililoachwa na Wajerumani.

Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, hivyo sheria isingeweza kutamka waziwazi kwamba Mwafrika aishi huku na Mzungu aishi kule. Waingereza walipitia mlango mwingine: viwango vya ujenzi. Mji uligawanywa kanda tatu. Ya kwanza ilidai nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili majengo ya kudumu ya makazi na biashara, na ya tatu iliruhusu nyumba za udongo. Watu wenyewe walizijua kanda hizo kwa majina mafupi zaidi: Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana, Mnazi Mmoja.

Mwaka huohuo wa 1923 sheria ya ardhi iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Kwenye kanda mbili za juu mtu aliweza kupata haki ya kukaa hadi miaka 99, muda wa kutosha kukopea benki na kujenga kwa mawe. Kariakoo haki ilihesabiwa mwaka hadi mwaka. Benki gani ingemkopesha mtu ambaye kiwanja chake kina uhai wa miezi kumi na miwili? Kwa hiyo nyumba za Kariakoo zilijengwa kwa fedha za mfukoni, kidogo kidogo, na kwa vifaa ambavyo mwenyewe angeweza kuvimudu.

Vifaa hivyo vilikuwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji, fito za kufungia, udongo wa kukandika na makuti ya kuezekea. Aliyejiweza alipaka chokaa. Madebe ya mafuta yalikunjuliwa na kupigwa bapa yakawa paa, kisha bati likachukua nafasi. Ramani ilikuwa moja mtaa mzima: baraza mbele, mlango katikati, korido ndefu inayopita hadi uani, na vyumba kila upande, kwa kawaida vitatu kwa vitatu. Uani palikuwa na jiko, bafu na choo, na hapo ndipo wapangaji walipokutana kupika, kufua na kusuluhishwa. Fundi angeweza kusimamisha vyumba viwili vya mbele kwanza. Mwenye nyumba akahamia kimoja, akapangisha cha pili, na kodi ya mpangaji ikanunua boriti za chumba cha tatu.

Nyumba ya Kariakoo basi ilikuwa makazi na mtaji kwa pamoja. Chumba kimoja cha mwenyewe, vitano vya kodi. Kwa mjane au mwanamke aliyeachika ilikuwa kinga kubwa kuliko pato lolote la mjini, na wanawake walikuwamo miongoni mwa wenye nyumba wa Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni, baadhi yao wakiwa wamezinunua kwa faida ya kuuza vyakula na pombe. Wakati mishahara ya ofisini na bandarini ilikuwa ya wanaume, korido yenye vyumba sita ilimpa mwanamke sauti mtaani.

Waliokuja kupanga na kujenga walitoka kila upande. Wazaramo na Wandengereko walikuwa jirani tangu zamani. Wamanyema walikuwa na asili ya Kongo, Wanubi walikuja na majeshi kutoka Sudan, Wangazija walivuka bahari, na Waarabu wa Shihiri walifungua maduka ya pembeni. Majina ya mitaa yameyahifadhi makundi hayo pamoja na kumbukumbu za vita: Kongo, Nyamwezi, Swahili, Pemba, Mahiwa. Hatua chache kutoka sokoni, upande wa Gerezani, upo mtaa wa Kleist Sykes, zamani Kipata. Baba yake Kleist alikuwa askari wa asili ya Kizulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Mtoto wa mamluki wa kigeni alikua akawa mwenye nyumba mjini, katibu mwanzilishi wa Chama cha Waafrika mwaka 1929, na miongoni mwa viongozi wa Waislamu wa mji huo.

Chama hicho nacho kiliona haja ya kuwa na nyumba yake. Wanachama walichanga na kujitolea kujenga makao yao New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Humo ndimo chama cha TANU kilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu ili afanye siasa, alipokewa Kariakoo nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Chama kisichokuwa na fedha kiliweza kufanya kazi kwa sababu kulikuwa na watu wenye chumba cha akiba na baraza la kukalia wageni.

Uhuru ulibadili mwenye ardhi bila kubadili kanuni. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962 na likaanza kubomoa nyumba za udongo, Magomeni ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na kujenga za matofali ya saruji zenye korido ileile. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, ambao wageni wachache walikuwa nao, uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kukaa kama ya wengine wote. Sasa raia wote walikuwa pale walipokuwa wakazi wa Kariakoo tangu mwanzo: nyumba ni yako, ardhi ni ya umma.

Mwaka 1971 nyumba zenyewe ziliguswa. Sheria ya kutwaa majengo iliipa serikali nguvu ya kuchukua jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambalo mwenyewe halikalii lote, na wengi walionyang'anywa walikuwa Wahindi. Jengo lililozidi umri wa miaka kumi halikulipwa fidia. Familia zilizokuwa zikipokea kodi zikaanza kuilipa kwa Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba mwaka 1990. Nyumba ya vyumba sita ya Kariakoo haikufika kiwango cha kutwaliwa. Unyonge wake ndio uliomwokoa mwenyewe, naye akabaki na mlango wake huku wenye maghorofa ya upande wa pili wa Mnazi Mmoja wakipoteza yao.

Biashara ndiyo iliyokuja kufanya ambacho sheria haikufanya. Soko jipya lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya uagizaji bidhaa ilipofunguliwa, kila ukuta unaotazama barabara ukageuka kuwa nafasi ya fremu. Chumba cha mbele kilichokuwa cha bibi kikawa duka la vitenge. Kodi ya fremu moja ikaizidi ya vyumba vyote vya ndani, na wapangaji wa kulala wakaanza kuhama. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ikatamka kwamba ardhi ina thamani, jambo ambalo kwa miongo mitatu sheria ilikuwa ikilikana, kwani kilichoruhusiwa kuuzwa kilikuwa maendelezo tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaendelea kuiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini. Sokoni, hata hivyo, kiwanja kilikuwa tayari kimeimeza nyumba.

Mgeuko huo ulizikuta familia zikiwa katikati ya mirathi. Nyumba iliyojengwa na babu mmoja sasa ina warithi ishirini, wengine Mbagala, wengine Tanga, wengine Muscat, na hati ina jina la marehemu. Mwekezaji huja na mapatano: familia itoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa, wagawane sakafu au miaka ya kukusanya kodi. Wapo waliopata fedha za kujenga kila mtu kwake. Wapo pia waliogawana kiasi kisichotosha hata chumba kimoja katika mtaa waliozaliwa, kwa sababu mrithi mmoja alisaini kwa niaba ya wote. Sheria ya Ndoa, nayo ya mwaka 1971, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ni kinga ya thamani kubwa, na inastahili kujulikana katika kila nyumba ya chini iliyobaki, kabla mkataba haujawekwa mezani.

Tangu mwaka 2008 sheria inaruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Anayenunua sakafu ya tano Kariakoo ananunua pia fungu katika vitu asivyoviona: msingi, nguzo, ngazi, mabomba ya maji taka. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka asubuhi ya biashara na kuua watu zaidi ya 20. Rais aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe, chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu. Mkaguzi anayeshuka kwenye ghala la chini ya ardhi lililochimbwa baada ya jengo kukamilika anahitaji kumjua aliyetoa idhini. Mnunuzi wa sakafu ya tano anahitaji kulijua hilo kuliko mkaguzi, naye ana haki ya kuona ramani iliyopitishwa na kibali cha kila badiliko kabla ya kutoa malipo ya kwanza.