Tangi la maji chumvi la nyumbani

Tangi la maji chumvi ni chombo cha kioo au akriliki cha kufugia samaki na matumbawe wa baharini. Likiwa kubwa, kwa kawaida huwa ni matangi mawili: la juu la kutazamwa, na la chini, lililofichwa kabatini, lenye pampu, hita na kifaa cha kuondoa uchafu kwa povu. Maji hushuka yenyewe kupitia bomba la kushushia, kisha pampu huyarudisha juu. Wengi wanaopanga tangi huanza kwa kuuliza pampu ipandishe lita ngapi kwa saa. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: pampu ikizimika, maji yataishia wapi?

Chukua tangi la sentimita 200 kwa 80, kimo 60. Likijaa hubeba lita 960, na kwa kuwa lita ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, sakafu inaelemewa na takriban tani moja kabla hata ya kuhesabu kioo na mawe. Kila sentimita ya kina ni lita 16. Umeme ukikatika, maji ya tangi la juu hushuka hadi usawa wa ukingo wa bomba la kushushia, na hayo si mengi. Hatari iko kwenye bomba la kurudishia. Mdomo wake ukiwa sentimita 10 ndani ya maji, bomba hugeuka mrija, kama ule mpira unaotoa petroli kwenye pipa, na kushusha jumla ya lita 160. Ikiwa tangi la chini lina nafasi tupu ya lita 60, lita 100 zitakuwa sebuleni. Kwa hiyo mdomo huo huwekwa karibu na uso wa maji, na tangi la chini huachiwa nafasi ya kupokea yote yatakayoshuka.

Wapo wanaosema valvu ya njia moja inatosha. Katika maji matamu huenda; katika maji ya bahari chokaa na konokono wadogo huizuia kufunga sawasawa. Betri ya akiba nayo ni nzuri kwa uhai wa samaki, lakini pampu huzimwa pia kwa kusafishwa, na huharibika. Nafasi tupu haizibiki wala haiharibiki. Adui wake ni mwenye tangi mwenyewe: maji yakipungua kwa mvuke, akijaza kupita kiasi anaila, ndiyo maana kiwango huwekewa alama. Na ajaze maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haivukizwi.

Kinyume chake, bomba la kushushia likizibwa na konokono, pampu itaendelea kujaza tangi la juu. Hapo hufaa bomba la pili la dharura, na chumba cha pampu ndani ya tangi la chini kiwe kidogo kiasi kwamba maji yake yaishe kabla tangi la juu halijamwagika. Mabomba yote ni ya plastiki. Shaba na mabati yenye zinki ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono. Fundi hujaribu mfumo kwa kuzima pampu na kisha kuziba bomba kuu la kushushia, tangi likiwa na maji ya kawaida, kabla samaki wa kwanza hajanunuliwa.