Wahakiki wa Benchi la Nyuma

Nilipokuwa na banda la video hapa kijijini Kitanga, Uha, filamu iliyojaza watu kuliko zote haikuwa ya ngumi. Ilikuwa ya baba aliyetelekeza watoto, akarudi uzeeni. Iwe ya nje yenye sauti ya mtafsiri Lufufu juu yake, iwe ya mwigizaji Kanumba au ya Mbongo mwingine, mzee akishabisha hodi tu mimi napunguza sauti ya televisheni, maana hakuna aliyeisikiliza tena. Kesi imehamia kwenye mabenchi.

Magazeti ya Dar es Salaam yalikuwa yakilalamikia taa, sauti, mwigizaji anayelia bila machozi. Kitanga hayo waliyasamehe. Wao walimhukumu baba.

Wana sababu. Enzi za Mwingereza, Uha, nchi yetu sisi Waha wa Kigoma, ilikuwa ghala la vibarua. Kodi ilidai fedha, na fedha ilikuwa mbali. Basi mwanamume wa Heru au Muhambwe alishuka kwa miguu hadi kwenye reli, akapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga au Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwakusanya na kuwasafirisha manamba hao. Babu yangu alikwenda, akamwacha baba yangu tumboni. Aliporudi, mtoto anachunga mbuzi, na alimwamkia kama anavyoamkiwa mpita njia.

Na sinema nayo ina asili huko huko mkongeni. Mwaka 1926 Notcutt, msimamizi wa mashamba ya mkonge, aliwaza kwamba picha zingewaridhisha vibarua wakatulia kazini. Ndiye aliyekuja kuongoza, pamoja na mwenzake Latham, jaribio la sinema ya Waafrika huko Vugiri, milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zikapatikana filamu 35 hivi, zikazungushwa kwa lori. Yaani chombo kilichowaziwa kumsahaulisha babu nyumbani kwake, ndicho nilichokuja kuwawashia wajukuu zake kwa shilingi mia. Hata filamu ya Muhogo Mchungu ya 1952, aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla ya siasa kumchukua, ilimfuata mtu wa shamba mjini akatapeliwe, watu wacheke. Waliobaki kijijini hawakuwa na habari ya kuchekesha.

Nakumbuka filamu moja ambamo mtoto, sasa bosi mwenye suti, anampa baba yake mkono, basi. Bibi mmoja wa benchi la nyuma akapaza sauti: "Mbona hampigii makofi?" Kwetu mdogo huinama, akakutanisha viganja taratibu salamu zikiendelea, hali ya wazazi, ya ng'ombe, ya mvua. Kijana akamjibu: "Bibi, apigiwe kwa lipi? Karo alilipa yeye?"

Banda likagawanyika. Upande wa bibi haukumtetea mzee hata kidogo. Walisema salamu si mshahara. Mpe kwanza, kisha mweke chini umuulize alikuwa wapi. Ndiyo maana mwisho wa filamu uliwaudhi: baba anaugua, kinanda kinalia, anasamehewe kitandani. Wazee wako wapi? Pombe ya ndizi iko wapi? Nami nasema walikuwa sahihi. Ugonjwa ni njia ya mkato ya mwandishi anayeogopa kuandika kikao. Babu yangu hakupata njia hiyo: alilala kwa kaka yake hadi wazee walipokaa.

Wakimbizi Warundi wa kambi ya Mtabila, waliopenya hadi bandani kabla kambi haijafungwa mwaka 2012, walikuwa na swali lao: huyu baba aliondoka, au alikimbia? Wengine walipoteza watoto njiani walipokimbia Burundi mwaka 1993, na hawakukubali kuwekwa kapu moja na baba mwenye hawara mjini. Swali hilo filamu haikulijibu. Niliwaambia wasubiri sehemu ya pili, ambayo, kama kawaida ya filamu za Kibongo, ilikuwa na kiingilio chake.