Homoni ya Ukuaji: Tiba na Istilahi Yake

Neno homoni lilianza kutumiwa London mwaka 1905, Ernest Starling alipotafuta jina la vitu ambavyo tezi humimina katika damu viamrishe viungo vya mbali. Alilichota katika Kigiriki. Wapo wafasiri wetu waliopendelea "kichocheo". Lakini neno hilo walimu wa kemia wanalo tayari kwa maana nyingine, na homoni imekwisha kuzoeleka. Na ibaki.

Tatizo liko kwingine. Mwaka 1958 Maurice Raben, wa Boston, alitangaza kwamba kijana aliyepungukiwa homoni ya ukuaji alirefuka kwa kudungwa homoni iliyotolewa katika tezi za vichwani mwa maiti. Ya ng'ombe haikuwa imewafaa wanadamu. Mwaka 1985 Marekani iliisitisha tiba hiyo, kwani ilikuwa imewaambukiza baadhi ya wagonjwa maradhi ya ubongo yaliyowaua. Mwaka huo huo ikaidhinisha homoni iliyotengenezwa kwa bakteria. Mwaka 1993 ikaruhusu wapewe pia watoto wasiokua kwa sababu ya figo zilizodhoofika. Miongoni mwa maradhi yanayodhoofisha figo hivyo ni sistinosisi, ugonjwa adimu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wawili wasiougua.

Hapo ndipo istilahi ya zamani isipotosha. Watoto hawa kwa kawaida hawana "upungufu wa homoni"; homoni wanayo, ila mwili hauiitikii ipasavyo, hata ikabidi waongezewe kwa sindano kila siku. Twapendekeza "ukinzani wa homoni".

Na neno "kudumaa" je? Katika nyaraka zetu za afya limefungamana mno na lishe duni. Mama wa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, akiambiwa mwanawe amedumaa, atarudi nyumbani kumwongezea uji na dagaa, ilhali figo zinazidi kuharibika. Mtoto mwenye sistinosisi hunywa maji mno na kukojoa mno. Waliokuwapo Kagunga mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, wanajua mtoto kuishiwa maji kwa kuhara. Huyu huishiwa kwa mkojo, na karatasi ya maelezo haina budi kulitaja hilo waziwazi, kabla hata ya kutaja homoni.