Fimbo za 7018: kwa nini unyevu ni adui, na jinsi ya kuzitunza

Katika karakana nyingi za Katesh, Basotu, Dongobesh na Haydom, fimbo za kuchomelea hukaa palepale penye kazi: juu ya meza, ndani ya kopo, au kwenye pakiti iliyochanwa upande mmoja. Kwa fimbo za 6013, zinazotumika kwa mageti, madirisha na vitanda, hilo si tatizo kubwa. Kwa fimbo za 7018, ambazo fundi huzichukua anapounga chesisi ya tela au fremu ya plau, ni jambo jingine kabisa.

Namba hizo zina maana. 70 ni nguvu ya kiungo: pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba. 1 inaonyesha kwamba fimbo inafaa kuchomelea mikao yote. 8 inataja aina ya ganda na umeme wake. Hapa ni ganda la aina ya chokaa lenye unga wa chuma, lililokaushwa sana kiwandani ili lisiingize haidrojeni kwenye kiungo.

Haidrojeni hiyo hutoka kwenye maji. Ganda likikaa wazi hunyonya unyevu wa hewa. Joto la kuchomelea huyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni huingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Chuma kikipoa, gesi hujikusanya pembeni mwa mshono, mahali palipokakamaa zaidi, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa baadaye, hata baada ya siku mbili. Hapo ndipo ubaya ulipo. Fundi amegonga slagi, ameona mshono safi, amepaka rangi, na mwenye tela amelipa na kuondoka. Ufa unakuja kujitokeza tela likiwa na mzigo, pengine kwenye mteremko wa Magara.

Chuma kinene na kigumu ndicho kilicho hatarini zaidi, na Hanang kina chuma hicho kwa wingi. Tangu NAFCO ilipofungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, matrekta, haro na kombaini vimekuwa sehemu ya kazi ya mafundi wa huku.

Pakiti isiyofunguliwa iwekwe juu ya rafu au mbao, mbali na sakafu na ukuta, hasa masika na siku za ukungu wa Mbulu. Ikishafunguliwa, mahali pake ni tanuri la fimbo lenye nyuzi joto 120 hadi 150 za Sentigredi. Kanuni ya Marekani iitwayo D1.1 inaruhusu 7018 za kawaida zikae nje ya tanuri saa 4 tu. Zile zenye herufi R mwishoni mwa jina huvumilia unyevu zaidi, hadi saa 9. Muda ukipita, zikaushwe upya kwa nyuzi 260 hadi 430, kwa saa 2 angalau, na mara moja tu. Maelezo ya kiwanda kwenye pakiti yafuatwe kwanza. Fimbo iliyonyeshewa mvua haifai tena kwa kazi ya kubeba mzigo.

Kuanika juani hakusaidii, kwa sababu jua halifiki hata karibu na joto hilo. Jiko la mkaa huunguza upande mmoja na kupasua ganda. Friji bovu lenye balbu ni kabati zuri la kuweka pakiti ambazo bado zimefungwa, lakini halikaushi fimbo iliyokwisha kunyonya maji.

Tanuri ni ghali, na umeme hukatika. Kwa karakana ndogo tunaona njia ya busara ni kununua pakiti ndogo iliyofungwa vizuri, kuifungua kazi ikiwa imeshaandaliwa, na kuimaliza siku hiyohiyo. Kinachobaki kitumike kwa kazi nyepesi. Chuma nacho kisafishwe: kutu, rangi, grisi na matope huleta haidrojeni ileile, na chuma kinene kinahitaji kupashwa moto kabla ya kuunga.

Fimbo yenye unyevu mwingi huweza kujionyesha kwa kutatarika sana, vitundu kwenye mshono, au kutu kwenye waya wa ndani. Lakini unyevu mdogo unaotosha kuleta ufa hauonekani kwa macho. Kwa hiyo, kabla ya kununua, muulize muuza duka pakiti ilifunguliwa lini na ilikuwa imewekwa wapi.